Kitufe cha Wewe-Nani

Mtu wa kwanza kuniambia mimi ni mchafu na nikamshukuru alikuwa Mwalimu wetu wa kompyuta, shule ya jioni, Musoma mjini. Wengine waliowahi kuniambia hivyo, akiwemo mke wangu na bwana afya wa kata, sikuwashukuru.

Namwita Mwalimu kwa sababu sote tulimwita hivyo, isipokuwa tukivuka kwenda Butiama. Butiama huwezi kuliita jina hilo barabarani ovyo ovyo. Kule jina hilo lina mwenyewe, na wazee wanaweza kuvua kofia kabla hawajageuka kuona unamwita nani. Kwa hiyo tukiingia Butiama alikuwa Fundi, tukirudi mjini anakuwa Mwalimu tena, na yeye mwenyewe aliitika yote mawili kwa uvivu uleule.

Usiniulize kwao ni wapi. Huku kwetu mtu akikusalimia, swali la pili ni "we wa wapi?" na la tatu ni "wa kina nani?" Ukishindwa hayo mawili unaonekana kama mtu aliyetoroka mahali. Mwalimu alishindwa yote kwa makusudi. Wakurya walisema ni Mjita kwa vile anavyokula samaki, Wajita wakasema ni Mkurya kwa vile anavyobishana. Alisalimia kila mtu kwa lugha ya kwao, tena vizuri, halafu ukimwuliza yeye ni wa wapi anajibu, "Mimi toleo la zamani, ila bado nawaka." Anaondoka. Basi hapo utafiti wako umeisha.

Na huyo huyo ndiye aliyetumia maisha yake kuzilazimisha mashine zijitambulishe.

Nilikutana naye nikiwa mtu mzima mwenye watoto wawili na kitambi cha kuanzia. Mchana nilikuwa nabeba barafu kwenye kiwanda cha samaki, jioni nasoma ili nipate cheti cha kidato cha nne, maana nilikuwa nimechoka kupokea amri kutoka kwa vijana niliowazidi umri. Darasa tulipewa na shule ya msingi pale Kitaji, watoto wakishaondoka. Madawati yalikuwa ya darasa la pili. Ukikaa, magoti yanakuja masikioni. Tulikuwa mafundi magari, walinzi, akina mama wa sokoni, na askari mgambo mmoja aliyelala tangu kipindi cha kwanza hadi mahafali na bado akatuzidi hesabu.

Mbele palikuwa na kompyuta moja yenye umri wa kumzaa mkuu wa shule. Mwalimu aliiwasha, akatuambia tusitazame mbali.

"Hii ikiwashwa haijui kitu," akasema. "Haijui jina lake, haijui kama kuna skrini, haijui kama nyie mpo. Ni kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. Sasa kuna programu ndogo, ndogo kabisa, ndiyo inaamka ya kwanza. Hiyo ndiyo inatafuta mfumo mkubwa ulikolala na kuuambia, amka, kumekucha. Kwa wenzetu inaitwa butiloda."

Mimi nilijua buti la gari na buti la mguuni. Nikaandika kwa mwandiko safi: kifaa cha kupakia mabuti. Mwalimu akapita, akasoma, akacheka mpaka akakaa chini ya ubao. Tangu siku hiyo akaacha neno hilo, akaiita mwamshaji, na mimi nikaitwa Mabuti mpaka leo kwa watu wa rika lile.

Hasira yake kubwa duniani ilikuwa moja. Mashine inapoamka inapata nafasi ya kusema jambo moja kabla mambo hayajawa mengi, na wengi wanaipoteza nafasi hiyo. Wanaweka picha ya ua. Wanaweka "Karibu."

"Karibu!" alikuwa anafoka. "Nani kakuuliza? Mashine ni yangu, umeme wangu, meza yangu, halafu wewe unanikaribisha kwangu! Niambie wewe ni nani. Toleo la ngapi, umejengwa lini, kwenye kompyuta gani, na kama kuna mkono umekugusa bila kuandika. Basi. Ukishamaliza hayo ndiyo unikaribishe chai."

Na ole wake fundi aliyeandika "toleo jipya". Mjini walikuwepo wengi wa aina hiyo. Ukifungua kompyuta zao unakuta kazi imeitwa mpya, nyingine mpya kabisa, nyingine mpya kabisa ya mwisho, na ile inayofanya kazi kweli imeitwa ya zamani usifute. Mwalimu akiona hivyo alikuwa anashika kichwa. "Mpya tangu lini? Hata mimi nilikuwaga mpya."

Tabia hiyo haikubaki kwenye kompyuta. Kwa mama ntilie alikuwa anaweza kuchelewesha foleni nzima.

"Mama, huyu sato amevuliwa lini?"

"Leo, Mwalimu."

"Leo saa ngapi?"

"Leo asubuhi."

"Asubuhi ya leo au asubuhi ya jana iliyoitwa leo?"

"Mwalimu, kula ama uhame."

Alikula. Alikuwa anakula chochote. Nimesema anauliza, sikusema anachagua.

Baiskeli yake ilikuwa na maandishi ya rangi nyeupe kwenye bati la gurudumu la nyuma: TOLEO LA 4. BREKI YA NYUMA HAKUNA. Watu walimwambia atengeneze breki, itakuwa rahisi kuliko kupaka rangi. Alijibu kwamba breki itatengenezwa toleo la tano. Toleo la tano halikuja, ila ukigongwa na Mwalimu, ulikuwa umegongwa na taarifa.

Na usidhani alikuwa nadhifu. Shati lake ungeweza kulisoma wiki nzima: hapa supu ya Jumatatu, hapa dagaa wa Jumatano. Karakana yake, chumba kimoja karibu na stendi, ilikuwa na nyaya nyingi kiasi kwamba paka aliingia siku moja akatoka baada ya siku tatu, amekonda. Lakini kazi ya ndani ya mashine zake ilikuwa imepangwa kama kabati la bibi harusi. Kila badiliko alilofanya, hata la herufi moja, aliliandika kwenye kile alichokiita daftari, ambalo lilikuwa humo humo ndani ya kompyuta. Kabla ya kujenga toleo, kompyuta ililinganisha kazi iliyo mkononi na ile iliyoandikwa daftarini. Zikilingana, mstari wa mwamshaji unaandika SAFI. Zikitofautiana hata kwa nukta, inaandika CHAFU, na hapo huna wa kumhonga.

"Chafu siyo tusi," alitufundisha. "Chafu maana yake nimeguswa na sijaandikwa."

Zoezi lake la darasani ndilo lililotuvunja mbavu. Alikuwa anapita katikati ya madawati na chaki, anachagua mtu, anabonyeza kifungo cha shati lake kwa chaki na kusema, "Wewe nani?" Hapo unatakiwa ujibu kama mashine: jina, umejengwa wapi, safi au chafu. Mlinzi mmoja alisimama wima kama yuko getini. "Naitwa fulani, kidato cha pili mara ya tatu, nimejengwa Nyakato, chafu, zoezi sijafanya." Darasa linalipuka. Lakini angalia ujanja wake: mtu akishasema mwenyewe chafu, Mwalimu hakumgombeza. Anampa chaki, anamwambia nenda ubaoni tulifanye sasa hivi. Waliopata bakora za maneno ni waliosema safi na daftari jeupe.

Nilipopata cheti, na nilikipata, kipo ukutani kwenye fremu kubwa kuliko picha ya harusi, Mwalimu alinichukua karakanani. Tulikuwa tunatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Boksi la mbao, taa za kutia joto, kipimajoto, na kompyuta ndogo kama kiberiti yenye mwamshaji wake. Mbele kuna kioo kidogo cha mistari miwili na kitufe cheusi ambacho Mwalimu alikiita kitufe cha Wewe-nani. Ukibonyeza, maandishi yanapita: MIMI MWAMSHAJI. TOLEO LA SITA. SAFI. NIMEJENGWA JUMANNE SAA NNE NA DAKIKA KUMI ASUBUHI. Na saa ilikuwa ya kwetu. Kompyuta zote duniani zinaamka kwa saa ya Kizungu, za Mwalimu ziliamka kwa saa ya Kiswahili, tena akasumbuka nazo wiki mbili ili zijue asubuhi na alasiri.

Maandishi hayo aliyaweka mahali pawili. Pa kwanza kwenye kioo, kila mtu asome. Pa pili tumboni mwa mwamshaji mwenyewe, sehemu maalumu, ambapo unaweza kuyasoma kwa kompyuta nyingine hata kama mashine imekufa kabisa, na huko kulikuwa na nyongeza: jina la kompyuta iliyotumika kujenga.

"Ya kiooni ni ya wageni," alisema. "Ya tumboni ni ya daktari. Mtu akifa njiani utamwuliza jina? Unapekua mfukoni, unatoa kitambulisho."

Niliitikia "ndiyo Mwalimu" na kusahau dakika hiyo hiyo. Kumbuka tu kwamba alisema. Mimi sikukumbuka.

Neno chafu ndilo lililotuletea balaa. Mzee wa kanisa mmoja wa Kitaji alinunua mashine, akamwalika mchungaji aje aiombee, na majirani wakajaa uani. Sala ikasomwa ndefu, amina ikaitikiwa, mzee akabonyeza kitufe mbele ya watu. TOLEO LA SITA. CHAFU. Wanasema mchungaji alisafisha koo na kusema, "Basi ndugu zangu, tuombe tena."

Kesho yake mzee alikuja karakanani na kofia mkononi.

"Mwalimu, umenivua nguo mbele ya mchungaji."

"Nani kakuita mchafu, mzee wangu? Mchafu ni mimi. Nilibadilisha mlio wa kengele nikasahau kuandika. Mashine imenisema mimi."

"Sasa watu uani watajuaje ni wewe?"

"Waambie."

"Futa hilo neno."

"Nikilifuta nitakuwa nimefuta neno, uchafu utabaki."

Akaketi, akaandika badiliko lake daftarini, akajenga upya, akampa toleo la saba, safi. Mzee akaondoka ameridhika nusu. Nusu nyingine aliipeleka sokoni, na kwa wiki nzima mji ulijua kwamba kuna mashine inayotukana waumini.

Sasa nifike kwangu.

Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu ameenda kununua nyaya. Mimi nipo kwenye kompyuta yangu, ile ya dirishani, inayotazama ziwa. Mashine tatu za toleo la tisa zilikuwa tayari kuondoka: moja ya Mama Vifaranga wa Kabasa kule Bunda, moja ya mzee wa Bukima, moja ya kikundi cha akina mama Butiama. Nilikuwa nazijaribu. Mwamshaji wa Mwalimu alikuwa na subira: akiamka, anangoja sekunde thelathini kipimajoto nacho kiamke, ndipo awashe taa. Mimi nazima, nawasha, nangoja thelathini. Nazima, nawasha, nangoja thelathini. Nikafanya hivyo kama mara elfu moja. Sawa, mara kumi na mbili. Nikachoka, nikabadilisha thelathini ikawa tatu, ya kujaribia tu. Sikuandika daftarini, kwa sababu ningeirudisha baadaye.

Mama Vifaranga akatokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kweli aliongoza kwaya.

"Mdogo wangu, mashine yangu iko wapi? Gari la Bunda linajaza."

Nikambonyezea kitufe aone. TOLEO LA TISA. CHAFU.

"Ebu ngoja," akasema. "Hilo neno silipeleki Kabasa. Sauti nzima ya soprano inakuja Jumapili kuangalia mashine. Mnataka wanikute na chafu?"

Dawa niliijua. Rudisha thelathini, jenga upya, jaribu upya, zote tatu. Saa nzima. Mama anatazama saa ya simu, konda anapiga kelele stendi, na mimi njaa inaniuma. Nikafungua sehemu ya maandishi ya kiooni, nikafuta CHAFU, nikaandika SAFI. Nikajenga saa tisa na dakika saba alasiri, nikaziwekea mashine zote tatu. Mama akabonyeza, akasoma, akanibariki kwa jina la Bwana. Ile thelathini nikasema nitairudisha Jumatatu. Jumatatu ikapita. Jumatatu zina tabia hiyo.

Wiki tatu hivi baadaye, Mama akiwa amemaliza kukusanya mayai na kuyaweka jana yake tu, umeme wa Kabasa ulikatika na kurudi. Mwamshaji akaamka, akangoja sekunde tatu, akakiuliza kipimajoto, nacho kikiwa bado usingizini kikajibu sifuri. Mashine ikadhani mayai yako kwenye friji. Ikawasha taa zote na kuziacha.

Mama Vifaranga alikuja Musoma na gari la kwanza, kapanga mayai kwenye beseni, kalifunika na khanga. Akaliweka juu ya meza ya Mwalimu, akafunua, akamenya moja mbele yetu. Limeiva vizuri.

"Mwalimu," akasema, "leta chumvi."

Hakuna aliyecheka. Mayai mia mbili, ya kuku wa kuchagua, na kwenye beseni lile kulikuwa na miezi yake mingi ya akiba. Alilia kidogo, kwa hasira, halafu akafunga khanga kiunoni akangoja jibu.

Mashine yake alikuja nayo. Kioo kilikuwa kimeungua, hakisemi kitu. Nikajiambia, ahsante Mungu, shahidi kafa. Mwalimu akafungua boksi, akachomoa ile kompyuta ndogo, akaiunganisha na ya kwake, akasoma tumboni. Alisoma muda mfupi sana. Kisha akainua uso akatazama dirishani muda mrefu. Mimi nilidhani anatazama ziwa.

"Mama," akasema, "kosa ni la karakana hii. Mashine nakutengenezea nyingine, na mayai nitayaleta mwenyewe Kabasa. Sasa naomba uniache nifanye kazi, kuna wengine."

Wengine wenyewe ndio walikuwa tatizo. Ukiiacha ya Mama, mashine za toleo la tisa zilikuwa sita, zimetawanyika mkoa mzima, na vioo vyote sita vilisema safi, vingine kwa haki, vingine kwa mkono wangu. Umeme ukikatika popote na kurudi, mayai yanaiva. Nilijua ni zipi. Nilikuwa nimepata heshima ya kuitwa fundi kwa mara ya kwanza maishani, nikaona nikisema narudi kwenye barafu.

Mwalimu akashika simu. Akampigia kila mmoja, akaweka sauti ya wazi.

"Mzee wangu wa Bukima, shikamoo. Bonyeza kile kitufe cheusi unisomee."

"Marahaba. Inasema mimi mwamshaji. Toleo la tisa. Safi."

"Endelea, mzee."

"Nimejengwa Alhamisi saa tisa na dakika saba alasiri. Ila Mwalimu, hii saa yako mbovu. Hapa kwangu saa nne asubuhi."

"Hiyo ndiyo saa iliyozaliwa."

"Nani kazaliwa?"

"Mashine, mzee!"

"Aa. Hongereni."

"Sikia. Usiizime. Umeme ukikatika, chomoa waya ukutani upesi, usiache urudi wenyewe. Nakuja."

Wanne wengine walisoma siku nyingine na saa nyingine, akawaambia waendelee salama. Butiama simu haikupokelewa. Akapiga mara tano. Kisha akachukua kofia.

"Bukima, halafu Butiama," akasema. Mimi nikashangaa kimoyomoyo kajuaje. Nikahitimisha kwamba mzee huyu ana dawa. Hivi ndivyo mtu mwongo anavyofikiri. Jibu nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu, linasomwa kwenye simu, dakika kwa dakika, saa ile ile ya mashine ya Kabasa, maana nilikuwa nimefuta neno nikasahau saa; na Butiama ndiyo pekee iliyobaki haijasomwa.

Kabla hatujaondoka alirudisha thelathini, akaandika daftarini, akajenga toleo la kumi. Nikaazima pikipiki, yeye akapanda nyuma amekumbatia kompyuta kama mtoto mchanga. Bukima tukamaliza haraka, umeme ulikuwepo, mzee akatufungia furu wakavu, vile visamaki vya ziwani, kwenye gazeti na kutupongeza tena kwa uzazi. Tulipoikaribia Butiama mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mapaa. Taa za dukani zikapepesa mara mbili, zikazima.

"Ongeza mwendo," Mwalimu akasema. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuniambia hivyo.

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mkeka kuizunguka mashine, simu zao wote wameziacha nyumbani. Siku ya ishirini hiyo. Kesho yake ndiyo siku ya kutotoa. Ukitega sikio kwenye mbao unasikia ndani kumeanza, chii, chii, kwa mbali, kama watu wanaonong'ona kanisani.

"Karibu Fundi," akasema mwenyekiti wao. "Umeme umekatika mara ya kwanza tangu tuweke mayai, ila hatuna wasiwasi, ulisema ukirudi mashine yako inajiwasha yenyewe."

Mwalimu hakusalimia. Mtu wa salamu za lugha zote, siku hiyo alipita juu ya mkeka na viatu vyake, akaruka akachomoa waya ukutani. Akina mama wakaguna kwa adabu mbaya hiyo. Hawajamaliza kuguna, taa ya darini ikawaka.

Akaushika ule waya mkononi, akaketi palepale chini.

"Weka toleo," akaniambia. "Wewe."

Nikaweka. Tukachomeka. Sekunde thelathini za mwamshaji yule ndizo sekunde ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimewahi kumngoja mke wangu leba, akijifungua. Taa zikawaka taratibu, zikatulia. Mwalimu akabonyeza kitufe. TOLEO LA KUMI. SAFI.

Akanitazama. "Safi kweli?"

"Safi kweli, Mwalimu." Sauti ilinitoka kama ya kifaranga kilichokuwa ndani ya boksi.

Vifaranga wa Butiama walitoka kesho yake, wengi, na mwenyekiti alimletea Mwalimu jogoo mmoja alipokua. Lakini habari njema haina miguu kama beseni la mayai ya kuchemsha. Bunda nzima ikamwita Mwalimu Chemsha. Watoto walimwimbia. Wateja wa mashine wakahamia kwa fundi mwingine, yule wa picha ya ua. Mwalimu alimpelekea Mama Vifaranga mashine na mayai kama alivyosema, kwa baiskeli isiyo na breki hadi stendi, na kila alipoulizwa alijibu neno lile lile: kosa ni la karakana. Mwaka ulipoisha alifunga karakana akabaki na darasa la jioni. Mimi nikaenda Bunda nikafungua kibanda changu. Kila ninachojenga kinasema toleo lake, na sijawahi tena kufuta neno. Lakini kumwambia yeye, sikumwambia. Nilikuwa nampelekea sukari siku za sikukuu, namsalimia haraka haraka, naondoka. Miaka sita.

Juzi juzi nikaenda Musoma kufuatilia kitambulisho changu kilichopotea. Foleni ilikuwa ndefu, imepinda kona mbili. Kwenye benchi la wazee, nani? Mwalimu. Amepungua, shati limebaki na supu zake, na mkononi ana fomu ya kitambulisho. Umri wote ule hakuwahi kuwa nacho. Mtu wa kitambulisho mfukoni!

"Mabuti," akasema. "Kitambi kimefika toleo la ngapi?"

Nikaketi. Tukacheka ya kucheka. Halafu sijui ni benchi lile au ni nini, nikajikuta nasema.

"Mwalimu, yale mayai ya Kabasa. Thelathini nilibadilisha mimi. Na neno la kiooni nilifuta mimi, nikaandika safi."

Hakugeuka. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya chumvi. Kiooni ulifuta. Tumboni hukugusa. Iliandika chafu, na jina la kompyuta ya dirishani. Karakana ile dirisha lilikuwa moja."

Nikakumbuka alivyotazama ziwa. Ziwa gani! Alikuwa ananitazama mimi nilipokaa.

"Mbona hukusema, Mwalimu? Walikuita Chemsha. Ulifunga karakana."

"Nilikuwa nangoja uamke." Akanipima kuanzia viatu mpaka kichwani. "Nimetengeneza mashine nyingi nzito kuamka. Nyingine dakika mbili, nyingine tano. Wewe miaka sita, Mabuti! Na kipimajoto juu yake kinasoma sifuri."

Akanyoosha kidole, kimekauka kama chaki, akabonyeza kifungo cha shati langu.

"Wewe nani?"

Watu wa foleni wanatuangalia. Nikakaa vizuri.

"Mabuti. Nimejengwa Kitaji, shule ya jioni. Chafu."

"Haya," akasema, na akanipa fomu yake na kalamu. "Macho yangu hayaoni vimistari hivi. Tufanye sasa hivi."

Nikamjazia tarehe ya siku ile na namba ya simu. Ilipofika sehemu ya chini akaichukua fomu, maana zamu yake ilikuwa imefika. Akasogea dirishani. Karani alikuwa binti mwenye sauti ya kipaza.

"Babu, shikamoo. Jina kamili, jina la baba, ukoo, na kijiji ulichozaliwa?"

Foleni nzima ikatega. Wapo waliokuwa wamebishana juu ya jambo hilo tangu hawajaota ndevu. Na mimi nilikuwa nyuma yake kabisa, hatua moja, nafasi ambayo Wakurya na Wajita wote wa Musoma wangeilipia.

Mwalimu akageuka. "Mabuti, ziba masikio."

Nikaziba. Vidole viwili, mpaka ndani. Niliona midomo yake inasogea, na binti anaandika, anacheka, anaandika tena. Kwa hiyo usinisumbue kuniuliza Mwalimu ni wa wapi na wa kina nani. Sikusikia kitu, na safari hii hata tumboni imeandikwa hivyo hivyo.